Sabuni ya Mama na Boneti ya Baba

Mimi ni fundi rangi wa magari, na ulimi wangu hauna breki. Mteja akija na gari lililopakwa rangi ovyo huwa namwambia papo hapo kwamba ameliwa, hata kama fundi aliyempaka amesimama pembeni akitabasamu. Bwana Pole, mwenye gereji ninayofanyia kazi, ameshanionya mara nyingi kwamba nitamfukuzia wateja. Mpaka leo hawajakimbia. Wananuna, wanaondoka, kisha wanarudi na gari la shemeji yao.

Lakini walikuwepo watu wawili ambao mbele yao ulimi huo huo ulikuwa ukikunjwa kama mkeka: baba mkwe na mama mkwe. Hasa mama mkwe.

Si kwamba ni mkali. Angekuwa mkali ningejua pa kuanzia. Ni mpole, anacheka kwa mwili mzima, anakupakulia kabla hujasema una njaa. Chai yake ina sukari ya kuuma meno. Siku ya kwanza nilipoionja nilimgeukia mume wangu, naye akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikameza. Baba mkwe naye alikuwa akimeza, macho dirishani, kama mtu anayesubiri basi. Nikaelewa kwamba katika nyumba ile kikombe cha Mama humalizwa bila maneno.

Kuliko chai, kilichoheshimiwa zaidi ni sabuni. Mama mkwe hutengeneza sabuni ya maji kwenye veranda ya nyuma, ndani ya pipa la bluu, akikoroga kwa mti mrefu uliolainika kwa viganja vyake. Majirani huja na chupa tupu na kuondoka na chupa zilizojaa. Pipa hilo ndilo lililomsomesha mume wangu. Baba mkwe alikuwa dereva wa basi la shule, na mshahara wake, kama anavyosema mwenyewe, ulikuwa ukifika nyumbani umechoka. Sare, madaftari, viatu, vyote vilitoka kwenye povu. Kwa hiyo kila kitu pale kwao kiliogeshwa kwa sabuni ya Mama: vyombo, nguo, sakafu, mapazia, hata yule paka aliyejuta kuzaliwa.

Na gari.

Gari lenyewe ni dogo, la zamani, na Baba analipenda kuliko anavyokubali kukiri. Nilipoolewa lilikuwa limepauka mpaka hukujua liliwahi kuwa na rangi gani. Aliposikia kazi yangu alinitazama kuanzia utosini hadi vidoleni, nikadhani nimeanguka mtihani. Mama akasema, "Kupaka magari? Na kifua chako je, mwanangu?" Wiki chache baadaye Baba akaja mwenyewe gerejini, akaniwekea ufunguo mkononi.

"Damu ya mzee," alisema. "Rangi ya mzee kwa gari la mzee."

Nililipaka kama nilivyowahi kuota kupaka. Nilikwangua mpaka bati, nikaziba mashimo, nikasugua kwa msasa na maji mpaka vidole vikakunjamana, nikapiga damu ya mzee, iliyoiva vizuri. Juu yake nikamwaga klia, ile rangi isiyo na rangi ambayo kazi yake ni kung'aa na kuilinda iliyo chini. Baba alipokuja kulichukua aliinamia boneti, akajiona, akatoa kitana mfukoni na kuchana ndevu zake. Nilicheka mpaka machozi. Bwana Pole, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu nimjue, alisema haikuwa mbaya sana.

Baba akalitangaza. Wastaafu wenzake, madereva wa zamani, hukutana kwake kila mwisho wa mwezi kucheza karata, na wote wana magari yaliyopauka. Wakamwambia wazi: rangi ikiwa mpya hata mjinga hung'arisha, wacha tuone itakavyokuwa baada ya mvua. Ikidumu, tunamletea mkweo yote. Bwana Pole alipopata habari hiyo akaniambia kwamba nikileta wateja wangu mwenyewe, chumba cha kupulizia rangi kitakuwa chini yangu, na hakuna atakayeniingilia. Nilikitaka chumba hicho kama mtoto anavyotaka kuendesha baiskeli. Nilikiwazia hata nikioga.

Mvua zikaja, zikaisha. Jumamosi moja tukaenda kula chakula cha mchana kwa wakwe, na kabla sijafika mlangoni nikaliona gari chini ya kibanda chake. Boneti ilikuwa na ukungu. Nilipitisha kiganja juu yake nikidhani ni vumbi, halikuwa vumbi. Ile damu ya mzee ilikuwa imefifia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, na pale palipokuwa na kioo nilijiona kivuli tu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Alisimama kando yangu, mikono nyuma. "Mkwe, rangi yako… imechoka kidogo, au ni macho yangu?"

Ningeweza kulia. Mama akapaza sauti kutoka dirisha la jikoni kunitetea, "Si kosa lake! Rangi za siku hizi hazina nguvu!" Utetezi huo uliniuma kuliko tuhuma. Nilijua nilichokiweka kwenye gari lile, tabaka kwa tabaka, na nguvu ilikuwemo.

Baada ya kula Baba akatoka na ndoo kuliosha, nami nikamfuata. Akachukua chupa yenye uzi mwekundu shingoni, akamimina sabuni mpaka povu likafurika. Nilichovya mkono. Maji yaliteleza kwenye vidole kama utelezi wa bamia, na ngozi ilipokauka ikabana, ikawa nyeupe kwenye vifundo. Hapo nikaelewa kila kitu. Sabuni kali hivyo haiondoi uchafu peke yake. Inakula nta, inaanza kuila na klia, wiki kwa wiki, mpaka rangi inabaki uchi juani.

Nilifungua mdomo. Mama alikuwa amesimama veranda, akimtazama mumewe anavyosugua, uso wake umejaa raha. Nikafunga mdomo.

Njiani kurudi nyumbani nilimwambia mume wangu. Alisimama katikati ya barabara.

"Usimwambie."

"Sijasema nitamwambia."

"Nakujua. Sema lolote, lakini sabuni usiiguse. Sema ni jua."

"Gari liko chini ya kibanda!"

"Basi sema ni ndege."

"Ndege gani anaharibu gari zima, pande zote, mpaka mlango wa nyuma?"

"Mkubwa," alisema, na akacheka peke yake. Kisha akaona sicheki. "Sikiliza, mke wangu. Mama hana kitu kingine anachojivunia. Hata mimi ananitaja baada ya pipa."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikinyamaza, wazee wa karata watakuja, wataona boneti ya ukungu, na jina langu litakwisha pale pale kwenye kibanda cha baba mkwe wangu. Nikisema, nitakuwa mwanamke aliyeolewa juzi akaingia kwenye nyumba ya watu na kuwaambia kwamba kilichowalisha ni sumu. Mara ya kwanza maishani mwangu ukweli nilikuwa nao mdomoni na sikujua nimtemee nani.

Nilifanya ninachojua kufanya: nikajaribu kwanza. Nyuma ya gereji kulikuwa na bawa la gari, yaani lile bati linalofunika gurudumu la mbele, ambalo nililipaka rangi iliyobaki ya gari la Baba siku nilipolipaka gari hilo. Nikalipitishia utepe katikati. Nilimwomba Mama chupa ya sabuni nikisingizia vyombo vya nyumbani, na kwa bahati Baba ndiye aliyenipa, ile ya uzi mwekundu. Nusu moja ya bati nikawa naiosha kwa hiyo, nusu ya pili kwa shampuu ya gari niliyoinunua. Dukani muuzaji alinionyesha chupa za kila rangi na kuniapia kwamba zote ni nzuri. Nilizichezea vidoleni moja baada ya nyingine mpaka akaninunia, nikachagua ile isiyobana ngozi na isiyojidai kwa povu. Kila asubuhi niliosha nusu hii na nusu ile, nikasuuza, nikaanika. Bwana Pole alipita, akatazama, akaguna, akapita tena. Siku moja alimwaga maji juu ya bati bila kuniuliza. Upande wa shampuu maji yalisimama vitone vitone, mviringo kabisa. Upande wa pili yakatandaa na kukaa kama shuka lililolowa.

"Sasa utamwambiaje mama mkwe?" aliuliza. Nikaendelea kulikausha bati.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Nikalifunga bati lile kwa shuka na kwenda kwa wakwe peke yangu, asubuhi, saa ambayo najua Mama huwa anakoroga pipa nyuma. Mpango ulikuwa kumwona Baba faraghani. Nilimkuta ameketi ndani ya gari, mlango wazi, anasikiliza redio. Nikaingia upande wa abiria, nikafunga milango yote, nikamfunulia bati juu ya mapaja yangu.

"Baba, naomba utazame, halafu ukitaka kunifukuza, nifukuze polepole."

Alitazama nusu iliyong'aa. Akatazama nusu iliyokufa. Akazima redio. Nilisubiri ashangae, lakini uso wake haukuwa na mshangao hata wa dawa.

"Umechukua muda mrefu," alisema.

"Nini?"

"Nilidhani utaona mapema. Fundi mzima." Alishusha sauti ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. "Gari langu la kwanza lilikuwa bluu. Likafa la kijivu. Hili nalo nimeliangalia likifa. Mimi dereva, mwanangu, nimeosha magari maisha yangu yote. Nilijua ni sabuni."

"Ulijua? Na ukaniuliza mbele ya Mama kama rangi yangu imechoka?"

"Nilitegemea utakasirika."

"Nilikasirika!"

"Ndiyo, lakini ukanyamaza. Watu waliniambia mkwe wangu hana breki, nikamshukuru Mungu. Nikasema, huyu ndiye atakayesema. Kumbe breki unazo."

Nilimtazama mzee yule kwa hasira iliyochanganyika na kicheko. "Baba, yaani ulinipa gari lako nilipake ili unitoe kafara?"

"Nilikupa pia kwa sababu unapaka vizuri," alisema kwa haraka.

Kioo cha upande wake kikagongwa. Mama mkwe alikuwa amesimama pale na mti wake wa kukorogea, unachuruzika povu.

"Mnanong'ona nini humo ndani, asubuhi yote hii, mmejifungia kama wezi?"

Baba akateremsha kioo polepole. Nilimwona akimeza mate. Kisha mtu mzima, aliyeendesha basi lililojaa watoto wa watu kwenye milima na mafuriko, akaninyooshea kidole.

"Mkwe wako ana jambo."

Ikabidi nijikaze kisabuni. Nilishuka, nikalaza bati juu ya boneti, nikamweleza Mama mkwe kila kitu nikiwa nimesimama wima kama mtoto anayekariri. Sauti ilinitetemeka mwanzoni, kisha ikatulia, kwa sababu nilikuwa nazungumzia kazi yangu. Nilimwambia sabuni yake ni nzuri kwa vyombo na nguo. Nilimwambia gari lina ngozi nyembamba, na hii ya ndani ya chupa inaichubua. Sikumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilipomaliza nilisema, "Nisamehe, Mama."

Aliweka mti chini, akafuta mkono kwenye kanga, akapitisha kidole upande ule, akapitisha upande huu. Akarudia. Kisha akaomba aone chupa niliyotumia, nami nikaitoa mkobani. Aliona uzi mwekundu.

"Hii si sabuni ninayouza," alisema taratibu.

"Ni ile uliyo…"

"Hii ni ya gari. Naitengeneza peke yake, ndiyo maana naifunga uzi." Alimgeukia mumewe, ambaye alikuwa bado ndani ya gari, ameshika usukani kwa mikono miwili. "Wewe si ndiye uliyekuwa ukiniambia gari haling'ai?"

"Nilisema, ndiyo."

"Kila ulipolalamika mimi nikadhani uchafu umekwama. Nikaongeza magadi. Ukalalamika, nikaongeza tena. Hii ni kali mpaka naikoroga nimefunga pua! Nilikuwa nasema, mume wangu anapenda gari lake, wacha nimpe yenye nguvu."

Nilimtazama Baba. Baba alitazama kipima mwendo.

"Kumbe nilikuwa najichimbia kaburi," alisema.

"Miaka yote hiyo unaona rangi inakufa mkononi mwangu, na unanyamaza?"

"Nilikuwa nakuheshimu, mke wangu."

"Umeniheshimu mpaka nikakuulia magari mawili!"

Nilidhani dunia imefika mwisho. Kisha bega la Mama likaanza kutikisika, kifua kikafuata, akajishikilia kwenye kioo cha pembeni na kucheka kile kicheko chake cha mwili mzima, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Baba akashuka kwa tahadhari, kama mtu anayejaribu kina cha maji, naye akaanza kucheka. Mimi nilikuwa nalia. Sijui kwa nini, nadhani ni ule uzito uliokuwa unatoka.

Mama aliponiona akaacha kucheka. Akanishika mkono, mkono wake ukiwa bado na povu.

"Ulikuwa unaniogopa?"

"Sana, Mama."

"Usiniogope. Huyu ananiogopa, mumeo ananiogopa, na wote wananipenda, najua. Lakini mtu ukipendwa hivyo unabaki gizani peke yako, unakoroga. Mmoja tu aniambie. Uwe wewe."

Niliahidi. Kisha, kwa vile tulikuwa pale na maji yapo, tuliliosha gari wote watatu. Nilileta ndoo mbili, moja ya shampuu na moja ya kusuuzia sponji ili mchanga usirudi kwenye rangi. Nikawaonyesha kumwagia maji kwanza, kuanzia juu kushuka, magurudumu mwisho. Mama alinusa shampuu na kukunja uso. "Haina povu, haina harufu, mtu anajuaje kama anaosha?" Lakini alipomaliza upande wake alichukua uzi mwekundu kutoka chupa ya zamani, akaufunga kwenye shingo ya ile mpya, na kuipanga kwenye rafu yake ya veranda, katikati ya chupa zake mwenyewe. Ile kali aliimimina chooni.

Klia ilikuwa imechubuka juu tu, haikuwa imekufa. Nilirudi na mashine ya gereji, nikaisugua kwa polishi siku nzima, nikaipaka nta. Wazee wa karata walipokuja waliizunguka boneti kama waliokuja kuposa. Mmoja akapiga magoti kuangalia chini ya mlango, pale fundi mvivu asipofika. Aliinuka kwa shida na kuuliza gereji iko wapi. Baba mkwe akajibu kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, na akaongeza kwamba gari linaoshwa kwa shampuu maalumu aliyoichagua yeye. Mama akakohoa. "Aliyoichagua mkwe wangu," Baba akajirekebisha.

Chumba cha rangi sasa ni changu. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile Jumapili iliyofuata, tulipokaa mezani wanne, na Mama akamimina chai. Akasimama nyuma yangu, birika mkononi.

"Haya. Ikoje?"

Mume wangu alinikanyaga mguu. Nilimtazama Mama, nikaona hatanii.

"Sukari imezidi, Mama. Imezidi sana."

Kijiko kilianguka mahali fulani. Mama alikichukua kikombe changu, akaenda jikoni, akarudi na kingine, akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili. Nikanywa. Ilikuwa chai nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa katika nyumba ile, nami nikamwambia hivyo.

Mume wangu alikuwa ameshika kikombe chake hewani, hajui akipeleke mdomoni au akirudishe. Ndipo upande wa pili wa meza baba mkwe, macho yake yakiwa yametoka dirishani, akasukuma cha kwake mbele kidogo kidogo kwa kidole kimoja.

"Na mimi," alisema.